Hoja ipi ilishawishi zaidi: mashoga kutumikia jeshi la Marekani, 1993 hadi 2010

Binti_Ngamiani (Tanga)

Wakuu, salaam. Kabla hatujapotezeana muda: siulizi kama ushoga ni halali au haramu. Kifungu cha 154 cha Kanuni ya Adhabu nakijua, adhabu yake inayofika kifungo cha maisha naijua, na msikiti uko hatua chache tu kutoka dukani kwangu. Swali langu ni la darasani, linahusu namna ya kumshawishi mtu.

Nasoma shahada kwa masafa huku naendesha steshenari yangu hapa Ngamiani, fotokopi na picha za pasipoti. Tumepewa kazi ya kikundi: chagueni mjadala wa kisera ambao umeshafika mwisho, linganisheni hoja mbili zilizokinzana, semeni ipi ilishawishi na kwa nini. Tukapiga kura, ukashinda mjadala wa Marekani kuhusu mashoga jeshini. Hatukuupenda kwa lolote zaidi ya kwamba nyaraka zake zote ziko mtandaoni bure: barua, ushahidi wa makamanda mbele ya Seneti, ripoti ya 2010 ya Pentagon, yaani wizara yao ya ulinzi.

Sasa nimezichapa hizo karatasi nikaziacha juu ya mashine. Kaja mama mmoja kutoa kopi ya cheti cha kuzaliwa cha mjukuu wake, jicho likamwangukia kwenye kichwa cha habari nilichoandika kwa kalamu nyekundu. Akavua miwani, akaivaa tena. "Mwanangu, haya umeletewa na nani?" Nikamwambia ni mambo ya jeshi la Marekani, mama, ya shule. Akasoma mistari miwili mitatu, akasema, "Na vita vyote vile walivyonavyo, wanapata wapi nafasi ya haya?" Akalipa mia mbili yake akaondoka. Nami nikabaki nacheka peke yangu, maana hoja hiyo hiyo ya mama ilitolewa mbele ya maseneta mwaka 2010: tuko vitani Iraki na Afghanistan, huu si wakati wake.

Kwa asiyefuatilia: Clinton aliingia madarakani 1993 akiwa ameahidi kuondoa marufuku. Akagonga ukuta. Upande mmoja Jenerali Colin Powell, mwenyekiti wa wakuu wa majeshi. Upande wa pili Seneta Sam Nunn wa chama chake mwenyewe, aliyekuwa anaongoza kamati ya majeshi ya Seneti. Wakaishia kwenye sera ya "usiulize, usiseme". Jeshi halikuulizi, na wewe usijitangaze, ukijulikana, unatoka. Wakatoka zaidi ya watu 13,000 mpaka sheria ilipofutwa. Obama alitia saini tarehe 22 Desemba 2010, ikaanza kazi rasmi 20 Septemba 2011.

Mzozo wetu kikundini uko hapa. Hoja ya kwanza tumeichukua kwenye barua ya Powell ya Mei 1992 kwa mbunge Pat Schroeder. Mama huyo alikuwa amelinganisha marufuku ya mashoga na ubaguzi wa zamani dhidi ya askari weusi. Powell, mweusi mwenyewe, akamjibu kwamba rangi ya ngozi haihusiani na tabia ya mtu, lakini mvuto wa kimapenzi ni katika mambo ya ndani kabisa ya mwenendo wa binadamu, kwa hiyo mlinganisho huo ni mwepesi kuutumia lakini haufai. Juu ya hapo wakaongeza mshikamano wa kikosi: vijana wanalala hema moja, wanaoga bafu moja, faragha hakuna, ukiingiza mvuto wa kimapenzi umevunja timu.

Hoja ya pili ni ya Admirali Mike Mullen, aliyekalia kiti kile kile cha Powell, tarehe 2 Februari 2010 mbele ya kamati ile ile. Yeye hakuanza na haki za binadamu. Alisema kwa maoni yake binafsi kwamba akilitazama suala hili kwa upande wowote, linamsumbua: tuna sera inayowalazimisha vijana waseme uongo kuhusu wao ni nani ili wapate kuwalinda raia wenzao. Kwake yeye mwisho wa yote ni uadilifu, wao kama watu na sisi kama taasisi.

Wawili wetu wanampa Powell. Mimi na mwenzangu mmoja tunampa Mullen. Wa tano kashikilia hoja ya pesa, yaani gharama za kuwafukuza, na hasikii la mtu. Kazi inakusanywa Ijumaa. Wenye uzoefu wa mdahalo, sheria, au jeshi lenyewe, nisaidieni.

---

Kipanga_wa_Pongwe

Binti wa Tanga, bomba la mafuta linamalizikia kwetu, bandari inachimbwa, badala ya kutuletea habari hizo unatuletea uchafu wa Wazungu. Wasimamizi futeni huu uzi.

---

Binti_Ngamiani

Bomba liko Chongoleani kaka, nauli ya bodaboda unayo, nenda kalitazame. Hapa tuna kazi ya Ijumaa.

---

Kijana_wa_Sahare

Dada, huyo mwenzenu wa tano ana akili, mwacheni. Pesa haina dini. Ofisi ya ukaguzi ya Bunge la Marekani ilitoa ripoti 2005: kuandikisha na kufundisha watu wa kuziba nafasi za waliofukuzwa kati ya 1994 na 2003 kulikula kama dola milioni 190. Na humo humo wakahesabu watu 322 waliotolewa wakiwa na ujuzi wa lugha ambazo jeshi lenyewe lilisema ni muhimu, Kiarabu, Kifarsi na Kikorea zikiwemo. Yaani minara ya New York imeanguka 2001, wanatafuta wajuzi wa Kiarabu kwa tochi, na waliopo wanawasindikiza mlangoni. Sasa hapo unahitaji hotuba ya nini?

Halafu hiyo habari ya mshikamano waulizeni wavuvi wa Deep Sea. Kuna chombo nakijua, nahodha na fundi mashine hawajasalimiana tangu ugomvi wa mke. Nchi kavu wakikutana, mmoja anavuka barabara. Usiku wakiwa baharini wanavuta nyavu bega kwa bega, mmoja akisema "legeza" mwenzake kashalegeza. Samaki hawaulizi nani anampenda nani.

---

Binti_Ngamiani

Mfano wa chombo naununua, nitauomba niuingize. Ila pesa, mdogo wangu, sikubaliani. Milioni 190 kwa miaka kumi, kwa jeshi linalotumia mamia ya mabilioni kila mwaka, ni chenji. Mpinzani wako anakujibu neno moja tu, "tutalipa", na hoja imekufa. Mtu anayeamini kwamba mshikamano ukivunjika vijana watauawa, utamwonyesha risiti?

Hao 322 ndio wenye uzito. Huyo wa tano wetu nimemwambia hivyo hivyo: toa dola, acha watu wenye Kiarabu. Msikilizaji anaweza kumwona mtu mmoja kavaa vifaa vya masikioni anatafsiri mkanda uliorekodiwa jangwani, halafu anaambiwa akabidhi kitambulisho. Milioni 190 haina sura.

---

Ustadh_Makorora

Assalaam aleikum. Kwa upande wa dini jambo liko wazi, silirudii. Lakini nitamsaidia binti kwa sababu kauliza kwa adabu na mimi nimewahi kusimamia midahalo ya wanafunzi.

Udhaifu wa waliopinga kule Marekani ni kwamba wengi wao hawakusema walichokiamini. Moyoni waliona ni dhambi. Mdomoni wakasema bafu, mahema, mshikamano. Msikilizaji si mjinga, akisikia mtu anatetea jambo zito kwa sababu nyepesi anajua kuna kitu kimefichwa uvunguni. Mmoja tu katika wakubwa wao alisema waziwazi: Jenerali Peter Pace, mwaka 2007 akiwa mwenyekiti wa wakuu wa majeshi, aliliambia gazeti la Chicago Tribune kwamba vitendo hivyo ni vya kukosa maadili, akavifananisha na uzinzi ambao jeshi lao nalo linauadhibu. Likazuka zogo, na kesho yake akasema angepaswa kujikita zaidi kwenye sera na kupunguza maoni yake binafsi.

Sasa tazama. Hoja ya Pace ilikuwa na mantiki kamili ndani yake: jeshi lina kanuni za maadili, zinaa ni kosa, na hili pia kosa. Unaweza kuikataa misingi, lakini nyumba imesimama. Wale wa mshikamano wao waliegemeza nyumba kwenye utabiri. Utabiri siku yake ikifika, ama umetimia ama umekuumbua. Mimi ningekuwa kamati ya upinzani ningemsimamisha Pace, na ningemkataza kurudi nyuma siku ya pili.

---

Kijana_wa_Sahare

Ustadh leo umenipa raha. Ila Pace angeshindwa pia. Jeshi lile lina wachungaji, marabi na maimamu ndani yake, ukianza kusema dhambi, dhambi ya kitabu kipi?

---

Ustadh_Makorora

Ndiyo maana nikasema ana mantiki, sikusema anashinda. Kushinda na kuwa na mantiki havikai nyumba moja siku zote.

---

Mzee_Mstaafu (Chumbageni)

Binti, marahaba, najua ungeniamkia. Nimelitumikia jeshi letu mpaka nikastaafu, sasa nafuga kuku. Msimamo wangu kuhusu watu hao sikupi, hukuuliza. Nitasema kama askari aliyesikiliza maneno mengi ya wakubwa.

Kwanza Powell. Wenzako wawili wana haki ya kumheshimu. Mwaka 1993 ungeniuliza ningesema hakuna hoja inayomfikia, na sababu ni nani anayeongea. Jeshi lile lilikuwa limewatenga weusi mpaka Rais Truman alipotoa amri 1948. Na sababu zilizotolewa kupinga amri ile ni hizi hizi: kulala pamoja, kula pamoja, ari ya vijana, mshikamano. Kwa hiyo kila aliyetetea mashoga alikuwa na silaha moja tayari mkononi: "hayo maneno mlishayasema juu ya weusi, mkaumbuka." Seneta mzungu kutoka Georgia kama Nunn asingeweza kuijibu silaha hiyo. Powell, kijana wa wahamiaji wa Jamaika aliyepata uofisa 1958 na kupanda mpaka juu kabisa, aliijibu kwa sentensi mbili za barua. Kila mtu akanyamaza. Hiyo ni kazi ya fundi, usiidharau kwenye kazi yenu eti kwa sababu baadaye ilishindwa.

Lakini tazama ilipoegemea. Neno mshikamano sisi askari tunalitaja kama vile ni kitu kimoja. Mwaka 1993 Pentagon yenyewe iliagiza utafiti kwa taasisi ya RAND, na mle ndani Robert MacCoun akaandika sura nzima juu ya neno hilo. Akalipasua vipande viwili. Kuna mshikamano wa kupendana, yaani mnakaa, mnataniana, mnaalikana. Na kuna mshikamano wa kazi, yaani wote mnataka kitu kimoja na kila mmoja anajua mwenzake atafanya sehemu yake. Matokeo ya tafiti alizokusanya ni kwamba kinachokwenda pamoja na kazi nzuri ni huo wa pili. Wa kwanza ukizidi wakati mwingine unaharibu, vijana wanalindana kwenye uzembe.

Nilipoisoma niliielewa mara moja, na wewe wa Tanga utaielewa, maana ushahidi uko Raskazone. Novemba 1914 Waingereza waliteremsha hapo askari kama 8,000 kutoka India chini ya Jenerali Aitken. Wajerumani na askari wao Waafrika chini ya Lettow-Vorbeck walikuwa kama 1,000. Waingereza wakarudishwa baharini wakaacha bunduki na risasi ufukweni. Watu wanapenda kusimulia nyuki, na nyuki walikuwepo kweli, lakini nyuki hawapigi jeshi la watu 8,000 lililo imara. Vikosi vile vilikusanywa haraka, vingi havijawahi kufanya mazoezi pamoja, vimekaa melini wiki nyingi vikitapika, maofisa wengine hawawajui askari wao. Upande wa pili askari wa Lettow walikuwa wamefundishwa pamoja, wanaijua nchi, wanajua kila mmoja yuko wapi. Hakuna aliyewauliza kama wanapendana. Mjerumani na askari Mwafrika mwaka 1914, kulikuwa na mapenzi gani pale? Kazi ndiyo iliyowashika.

Sasa Mullen. Wenzako wanamwona kama mtu wa kuwahurumia mashoga. Hapana. Mullen aliwaambia wanajeshi jambo linalouma wanajeshi. Kule West Point, chuo chao cha maofisa, kadeti anaapishwa kanuni moja fupi: hatasema uongo, hatadanganya kwenye mtihani, hataiba, wala hatamvumilia anayefanya hivyo. Raia akisikia anaona ni mapambo. Sisi tunajua ni uhai. Koplo akiniambia usiku "nimezunguka lindo lote, afande, salama", mimi naenda kulala juu ya neno lake. Kama alikuwa amejikunyata nyuma ya ghala na hakuzunguka, asubuhi tunahesabu maiti. Jeshi zima linasimama juu ya taarifa ya mtu wa chini kuwa ya kweli. Halafu unatunga sheria ambayo ndani yake askari mwema ni yule anayedanganya vizuri, na anayesema kweli unamfukuza. Na yule mwenzake wa kitanda cha pembeni anayejua, naye umemfanya mshiriki. Mullen aliuchukua msumari wa jeshi lenyewe akaupigilia kwenye sera ya jeshi lenyewe. Askari wa kawaida hakuhitaji kuwapenda mashoga ili akubali hoja hiyo. Ilimtosha kuuchukia uongo.

Hapo ndipo ninapompa Mullen. Powell alisema kitakachotokea. Mullen alisema kinachotokea, na kila aliyekaa kambini alikuwa anakiona kwa macho yake.

Na Powell mwenyewe, siku moja baada ya Mullen kusema, alitoa taarifa kwamba mitazamo na mazingira yamebadilika tangu 1993, akamuunga mkono. Wenzako wawili wajue hoja yao ilishaachwa na mwenyewe.

---

Kipanga_wa_Pongwe

Mzee shikamoo. Sasa mbona Marine, kile kikosi chao cha mashambulizi, walikataa mashoga waruhusiwe? Wale ndio wanaopigana, si wa ofisini. Nimeona mahali karibu asilimia 60 yao walikataa.

---

Mzee_Mstaafu

Marahaba. Umerudi, karibu, na swali lako ni zuri kuliko la kwanza.

Ni kweli. Pentagon ilipeleka madodoso kwa askari 400,000 mwaka 2010, wakajibu zaidi ya 115,000. Kwa jumla kama 70 katika mia walisema hakutakuwa na athari, au zitakuwa nzuri, au mchanganyiko. Lakini askari wa mapigano wa Marine, 58 katika mia walitabiri mabaya. Wa jeshi la nchi kavu wa mapigano, 48. Mkuu wa Marine, Jenerali Amos, akashika hapo hapo Desemba 2010: akasema vijana wake wakipoteza umakini watapoteza miguu na roho. Ni hoja nzito, maana wakati huo kweli Marine walikuwa wanakatika miguu Afghanistan kwa mabomu ya ardhini.

Ila soma ukurasa unaofuata. Waliulizwa pia: umewahi kuwa na mtu kikosini uliyeamini ni shoga, na kazi ilikwendaje? Katika Marine wa mapigano waliojibu kuwa wamewahi, 84 katika mia walisema timu ilifanya kazi vizuri au kawaida tu. Kwa jeshi zima ilikuwa 92. Yaani anayetabiri anaogopa, na aliyeyapitia haoni tatizo. Hizo takwimu mbili zikiwekwa pamoja ndizo zilizoivunja hoja ya mshikamano, kwa sababu ni midomo ile ile ya askari wale wale.

Na Amos, sheria ilipopita, alisema Marine watatii, akaongoza mafunzo mwenyewe, na Novemba 2011 akawaambia waandishi ameridhika jinsi mambo yalivyokwenda. Huo ndio uaskari. Unapinga mezani, ukishaamriwa unatekeleza.

---

Wakili_wa_Mkwakwani

Mmejifungia Marekani. Powell alikwisha kujibiwa Strasbourg, kwenye Mahakama ya Haki za Binadamu ya Ulaya, tarehe 27 Septemba 1999, kesi ya Smith na Grady dhidi ya Uingereza. Jeanette Smith na Graeme Grady walifukuzwa jeshi la anga la Uingereza, hakuna aliyelalamikia kazi yao. Serikali ya Uingereza ikaleta mahakamani ripoti ya 1996 iliyojaa maoni ya askari: hatutaki kulala nao, hatutaki kuoga nao. Mahakama ikasema hivi, kwa maneno yangu: chuki ya walio wengi dhidi ya walio wachache haiwezi peke yake kuwa sababu ya kuwafukuza hao wachache, kama ambavyo chuki hiyo isingekubalika ikiwa ni juu ya rangi, asili au uzawa. Umeona? Ule mlinganisho alioukataa Powell umerudi kwa mlango wa sheria. Majaji hawakujishughulisha kama ngono ni tabia na rangi si tabia. Walitazama anayechukia, hawakumtazama anayechukiwa. Januari 2000 Uingereza ikaondoa marufuku, na 2023 waziri mkuu wao akasimama bungeni kuwaomba radhi waliofukuzwa.

Kwangu hiyo ndiyo hoja kubwa kuliko zote mbili. Lakini kwa swali la ushawishi, nakiri inawashawishi majaji, sajenti haimwingii. Waziri wa ulinzi Robert Gates aliitumia kwa ujanja zaidi: aliliambia Bunge libadilishe lenyewe kwa utaratibu, vinginevyo mahakama itaibadilisha kwa amri ya usiku mmoja na jeshi halitakuwa limejiandaa. Hakugusa haki hata kidogo. Wahafidhina kadhaa walimsikia.

---

Ustadh_Makorora

Wakili, hapo kwa Gates umesema kweli. Mtu anayekuogopesha kwa jambo unaloliogopa tayari hahitaji kukubadilisha imani.

---

Kijana_wa_Sahare

Mimi naongeza wale Wagiriki. Kikosi cha Thebes, watu 300, jozi 150 za wapenzi, wakawapiga Wasparta pale Leuctra 371 kabla ya Kristo. Hiyo si imemaliza mjadala?

---

Binti_Ngamiani

Nilikuwa naisubiri hiyo, kila mtu anaileta. Inapendeza masikioni na haithibitishi chochote kwa mwaka 2010. Kwanza aliyeipa umaarufu ni Plutarch, aliandika karne nyingi baadaye. Pili, mpinzani akiwa macho anakugeuzia: hao walikuwa kikosi cha wapenzi watupu, wametengwa kwa makusudi, wewe unataka mchanganyiko. Na atakukumbusha kwamba mwaka 338 kabla ya Kristo Wamakedonia waliwamaliza pale Chaeronea. Nikiweka Thebes, msahihishaji ataona nimekosa cha kusema.

Bora Leonard Matlovich. Sajenti wa jeshi la anga, alipigana Vietnam, ana nishani ya shaba na ya majeruhi, akajitangaza 1975 ili afukuzwe na kesi ifunguliwe. Kwenye jiwe la kaburi lake kumeandikwa kwamba jeshini walimpa medali kwa kuwaua wanaume wawili, na wakamfukuza kwa kumpenda mmoja. Hiyo haina takwimu ndani yake, na mwenzangu wa upande wa Powell aliisoma akaweka kalamu chini, akaenda nje kununua maji.

---

Kipanga_wa_Pongwe

Hiyo ya kaburi kali. Lakini inacheza na hisia, si hoja.

---

Binti_Ngamiani

Ni hisia, ndiyo, na nitaipa aya moja tu. Ninachotaka kuonyesha ni kwamba Matlovich aliwagusa waliokuwa tayari nusu wameguswa. Seneta aliyekuwa anapinga anaisoma anasema "pole yake" na anapiga kura ile ile. Mullen ndiye aliyewanyima pa kujificha. Mzee, kuna kitu nilikisoma kuhusu Seneta McCain, mmoja wa waliopinga, kinakwenda na maneno yako: mwaka 2006 alisema siku wakuu wa jeshi watakapomjia wakamwambia sera ibadilishwe, hapo itabidi kufikiria kwa dhati kuibadilisha. Mwaka 2010 wakamjia, Mullen kakaa mbele yake kabisa. Akasema amesikitishwa. Hapo aliyekuwa anategemea neno "wanajeshi wenyewe hawataki" alibaki hana ardhi.

Naomba Mzee unijibu moja la mwisho: ungekuwa na mfano wa Afrika ungetumia upi? Msahihishaji wetu anapenda mifano ya nyumbani.

---

Mzee_Mstaafu

Upo, na sijaona mtu akiutumia. Mwaka 2013 Baraza la Usalama kwa azimio 2098 liliunda brigedi ya kupigana mashariki ya Kongo: Tanzania, Afrika Kusini na Malawi. Kamanda wa kwanza alikuwa Jenerali wetu James Mwakibolwa. Brigedi ile ilishirikiana na jeshi la Kongo wakawaondoa waasi wa M23 milimani kabla mwaka haujaisha. Na Afrika Kusini ni nchi ambayo katiba yake ya 1996 inakataza kubagua mtu kwa jambo hili, jeshini pia. Kwa hiyo vijana wetu, kutoka nchi yenye kifungu cha 154, walishika mstari mmoja na jeshi lenye sheria iliyo kinyume kabisa, na vita ikapiganwa.

Uwe mwangalifu namna ya kuutumia. Hauonyeshi kwamba sera ile ni nzuri, wala hauonyeshi kwamba sisi tumeikubali. Unaonyesha kitu kimoja tu, kwamba utabiri wa "jeshi litavunjika" una kazi kubwa ya kueleza Goma 2013. Ukisema zaidi ya hapo, Kipanga atakukamata.

---

Kipanga_wa_Pongwe

Nitamkamata kweli. Ila hapo kwa Kongo sina la kusema, kaka yangu alikuwepo kule.

---

Wakili_wa_Mkwakwani

Binti, maneno mangapi mmepewa?

---

Binti_Ngamiani

Elfu moja na mia tano tu! Kwa hiyo nimekata hivi. Powell anaanza, tena kwa heshima yake yote, na amri ya Truman nyuma yake ili msomaji aone ni kamba gani aliyoikata. Kisha MacCoun na chombo cha Deep Sea, mdogo wangu wa Sahare nimekutaja kama "mkazi wa Sahare", ukitaka soda njoo dukani. Kisha Mullen na lile lindo la Mzee. Takwimu za Marine zinakaa hapo, zote mbili, 58 na 84. Kongo aya fupi. Pesa imetoka, mwenzetu wa tano kanuna, nimemwachia wale 322 ndani ya mabano.

Pace nilitaka kumwacha lakini Ustadh kaniharibia mpango, nimempa mistari minne.

---

Wakili_wa_Mkwakwani

Na Sheehan? Usimwache Sheehan. Jenerali mstaafu wa Marine, Machi 2010 kaja mbele ya kamati ile ile kusema Srebrenica, mji wa Bosnia uliokuwa unalindwa na askari wa Uholanzi, ilianguka 1995 kwa sababu jeshi la Uholanzi liliruhusu mashoga. Askari mia chache wenye silaha nyepesi, ndege za kuwasaidia hazikuja kwa nguvu iliyohitajika, yeye anataja mashoga. Serikali ya Uholanzi ikaja juu, na kabla mwezi haujaisha akamwandikia mkuu wa zamani wa majeshi ya Uholanzi, van den Breemen, kumwambia samahani. Shahidi mmoja wa namna hiyo anaondoka na hoja nzuri za wenzake kumi.

---

Binti_Ngamiani

Sheehan yumo, wakili. Nimemweka kabla tu ya Mullen, msomaji afike kwa Mullen akiwa ameshachoka na upande ule. Mwenzangu wa upande wa Powell anasema huo si uungwana, nimemwambia tunaandika kuhusu ushawishi, aniache nishawishi.